Walioshuka na Majembe

Ukisoma vitabu vya historia ya Rungwe, utachoka kupanda. Kila mtu anapanda. Mwaka 1891 wamisionari wanne wa Moravian, Theodor Meyer, Theophil Richard, Georg Martin na Johannes Häfner, wanafika kwa njia ya Ziwa Nyasa na kuanza kupanda kutafuta hewa isiyo na homa. Martin anafariki mwaka huo huo; waliobaki wanajenga misheni chini ya Mlima Rungwe. Mwaka huo huo Alexander Merensky na wenzake wa Misheni ya Berlin nao wanapanda kutoka ziwani. Serikali ya Wajerumani ilijenga boma lake la kwanza ufukweni, ikaliita Langenburg, na baadaye nayo ikapanda: boma likahamia Tukuyu, likaitwa Neu-Langenburg. Hata leo ukitoka Kyela kwa kosta unapanda tu, masikio yanaziba, jasho linakauka, mpaka baridi na migomba vinakupokea.

Mi ni mtoto wa Tukuyu na nimekulia ndani ya hadithi hiyo. Mama yangu ni mwalimu mstaafu na mwimbaji wa kwaya ya Moravian kwa miaka mingi kuliko umri wangu. Kwake yeye, na kwa wengi wetu, kupanda ndiyo ustaarabu: shule iko juu, hospitali iko juu, kanisa liko juu, na Mungu, bila shaka, yuko juu zaidi. Nani atakaa aandike historia ya watu walioshuka?

Lakini hadithi iliyo ya kale kuliko hizo zote inakwenda kinyume. Kwa masimulizi ya Wanyakyusa, koo za malafyale, yaani machifu, zilitoka Ukinga, kule juu kwenye Milima ya Livingstone. Walishuka na vitu vitatu: moto, ng'ombe na chuma. Waliowakuta mabondeni, hadithi inasema, walikuwa wakila vyakula vibichi. Hapo ujue anayesimulia ni mtawala, na mtawala hakosi kujisifia. Lakini hata ukiondoa majigambo, mwelekeo unabaki. Walitoka juu, wakaja chini.

Miongoni mwa waliotoka huko ni Lwembe, aliyekaa Lubaga, upande wa Selya, mashariki ya Tukuyu. Mwingine ni Kyala, anayetajwa pamoja na pango lililo karibu na ziwa upande wa Matema. Na ng'ambo ya mto Songwe, Karonga ya leo nchini Malawi, Kyungu wa Ngonde naye anahesabiwa kuwa wa chimbuko hilo hilo la Ukinga. Lwembe halikuwa jina la mtu mmoja tu, kilikuwa kiti. Aliyekikalia alihesabiwa kubeba mvua na rutuba ya nchi nzima mwilini mwake, na hakuachwa afe kwa maradhi kama watu wengine. Makuhani ndio waliommaliza kabla ugonjwa haujammaliza. Ndiyo maana cheo hicho kilikimbiwa, hakikugombewa.

Haya tunayajua zaidi kwa sababu Godfrey na Monica Wilson waliishi kwa Wanyakyusa kwa vipindi kati ya 1934 na 1938, wakiuliza na kuandika. Godfrey alifariki mwaka 1944. Monica aliendelea peke yake, na mwaka 1959 akachapisha kitabu kizima juu ya ibada za jamii za Wanyakyusa. Baadaye, mwaka 1969, Simon Charsley alitoa kitabu chake juu ya machifu wa Kinyakyusa akipinga baadhi ya mahitimisho ya Wilson kuhusu uchifu ulivyokuwa na ulivyokua. Mjadala ni mzuri. Lakini mimi kilichonikamata kwa Wilson ni jambo dogo ambalo yeye analitaja na kuendelea na safari yake: kwamba makuhani wa Kikinga walikuwa wakishuka kutoka milimani kwao mpaka Lubaga kwa ajili ya ibada, na miongoni mwa walivyoleta ni majembe ya chuma.

Wakinga walikuwa wafua chuma. Wanyakyusa hawakuwa. Jembe lililolima migomba ya Selya lilizaliwa kwenye moto wa Ukinga, likashuka mgongoni au kichwani mwa mtu, na chakula cha bondeni kikapanda kuwalipa. Hiyo ni biashara, na inaeleweka. Lakini jembe linaloshushwa kwenda kwa Lwembe si biashara tu. Ni sadaka. Watu wanaotembea mbali kwa jambo takatifu, wakiwa na kitu mkononi, kuelekea mahali penye jina: kwa Kiswahili hiyo tunaiita hija. Tunalitumia neno hilo bila kusita kwa wanaotembea mpaka Namugongo, Uganda, kwa ajili ya tarehe 3 Juni, na kwa Wazungu wanaokwenda Santiago de Compostela, Hispania, wakiwa na fimbo. Sioni sababu ya kuwanyima Wakinga.

Nikajiuliza swali ambalo vitabu havikuniuliza: hivi, pale waliteremkaje?

Maana si mteremko wa mchezo. Uwanda wa Kitulo uko kwenye mita 2,600 hivi juu ya usawa wa bahari, na vilele vya Milima ya Livingstone vinapita mita 2,900. Ziwa Nyasa lililo chini yake liko kwenye mita 475 hivi. Ardhi inaanguka zaidi ya mita 2,000 ndani ya umbali ambao jicho linauona wote kwa mara moja siku isiyo na ukungu. Na upande huu wa kwetu mvua inazidi milimita 2,000 kwa mwaka. Udongo wa volkano ukilowa unakuwa kama sabuni. Sasa mtwike mtu chuma hapo, umwambie ashuke.

Nilipomwambia Mama kwamba nataka kushuka kwa miguu kutoka upande wa Makete mpaka Mwakaleli, alinyamaza kwanza. Halafu akasema, "Mambo ya matambiko hayo. Unayatafutia nini?"

Nikamwambia ni historia tu.

"Waliyaacha wenyewe," akasema. "Walijua kwa nini."

Sikubishana naye. Babu wa mama yangu alibatizwa akiwa mtu mzima, na katika familia yetu siku hiyo ndiyo siku ya kwanza ya historia. Kilicho nyuma yake hakisimuliwi. Kwa Mama, mtoto wake kwenda kuchokonoa habari za Lubaga ni kama kurudi kufungua mlango ambao mtu mwingine aliufunga kwa gharama kubwa. Nilimwelewa. Lakini niliona pia kwamba asipoulizwa sasa, hatakuwepo wa kuulizwa.

Nikaenda.

Mwongozaji wangu alikuwa mzee wa Kikinga, kapita miaka sitini, mwembamba, amevaa yeboyebo. Mimi nilikuwa na viatu vya mlimani nilivyonunua kwa bei ambayo sitaiandika hapa. Sehemu ya msitu wa milima hiyo siku hizi iko ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, iliyotangazwa mwaka 2005, mwaka ule ule wanasayansi walipotangaza kumtambua kipunji, tumbili wa misitu hii ya Rungwe na Livingstone. Kwa hiyo tulikuwa na kibali na tulishika njia tuliyoonyeshwa. Mzee alinipa fimbo ya mwanzi. Nikaiangalia, nikamwambia, "Asante baba, lakini kwenye mteremko sitaihitaji, si nitakuwa naenda chini?"

Alicheka, akaibeba yeye.

Saa ya kwanza nilikuwa najisikia mwanariadha. Kushuka ni rahisi bwana, pumzi haikati, moyo haupigi ngoma, unapiga stori huku unaangalia bonde. Nilikuwa napiga hatua ndefu, nimeegemea nyuma kidogo kwa woga, kisigino kinatua kwanza, goti limenyooka kama nguzo. Kila hatua ilikuwa inagonga, na kila mgongo wa hatua ulikwenda moja kwa moja kwenye goti. Saa ya pili vidole vya miguu vilianza kusukumwa mbele, vinagonga ncha ya kiatu. Saa ya tatu mapaja yakaanza kutetemeka yenyewe, hata nikisimama. Muda mfupi baadaye kisigino kikateleza kwenye jani lililolowa, na kwa sababu uzito wangu wote ulikuwa nyuma, miguu ilikwenda mbele na mimi nikabaki nimekaa. Nilishuka mita kadhaa kwa makalio.

Mzee hakuja kuniinua mara moja. Alisubiri kuona kama nimeumia, alipoona sijaumia akasema, "Sasa utachukua fimbo."

Kuanzia hapo nilifundishwa kutembea upya, nikiwa na miaka thelathini na kitu. Nitayaandika kama alivyonifundisha, kwa sababu naamini ni maarifa ya kihistoria sawa na tarehe yoyote iliyo kwenye hifadhi ya nyaraka.

Kwanza alinikalisha, akaniambia nivue viatu. Akaangalia kucha, akatikisa kichwa: ndefu. Tukazikata kwa wembe wake. Kisha akanifunga kamba za viatu upya, akizilegeza kidogo sehemu ya vidole na kuzikaza sana kwenye kifundo cha mguu, ili mguu usiteleze mbele ndani ya kiatu. Yeye mwenyewe hakuwa na kamba yoyote, lakini alijua kiatu kinafanya nini.

Pili, goti. "Usilifunge," alisema. Goti linatakiwa libaki limekunjwa kidogo muda wote, kama mtu anayetaka kukaa akaghairi. Goti lililonyooka linapokea pigo lote kwenye mfupa. Lililokunjwa linaipa misuli ya paja kazi ya kulipokea. Hatua ziwe fupi, fupi mno, za haraka. Unyayo utue wote, si kisigino peke yake.

Tatu, na hili ndilo lililonipa shida zaidi, usiegemee nyuma. Mwili wote unakudanganya kwamba usalama uko nyuma, kwenye mlima. Lakini ukiegemea nyuma unyayo hauna uzito wa kuukandamiza chini, na ndiyo hapo unapoteleza. Kifua kinatakiwa kiwe juu ya miguu. Fimbo inatangulia mbele, inagusa chini kabla ya mguu, na inashikwa juu zaidi kuliko unapokuwa tambarare, kwa sababu ardhi ya mbele iko chini zaidi. Palipo wima sana usishuke moja kwa moja; kata mteremko kwa mshazari, kulia, geuka, kushoto, geuka. "Ng'ombe ndivyo anavyoshuka," mzee alisema. "Ng'ombe hajawahi kuwa na haraka ya kufa."

Niliposikia ng'ombe, nilisimama. Moto, ng'ombe na chuma. Miaka yote nimeusikia utatu huo kama maneno ya hadithi tu, na sikuwahi kufikiri kwamba kama kuna mtu aliwahi kushusha ng'ombe hapa, ilibidi ng'ombe huyo apite mahali fulani, kwato baada ya kwato, kwa njia ya kupinda-pinda ambayo lazima mtu aichague na aikumbuke. Masimulizi yanasema "walishuka" kwa neno moja. Ndani ya neno hilo kuna siku nzima za kazi.

Baadaye mchana tulisikia sauti nyuma yetu. Mzee akanishika mkono, akanivuta nje ya njia, kwenye majani. Wanawake wawili walikuwa wanashuka na viazi mviringo kwenye ndoo kichwani, wamejifunga vitenge, mmoja yuko peku. Walipita kwa hatua zile zile fupi za haraka, hawakusimama, walisalimia huku wanakwenda. Nikamuuliza mzee kwa nini tumewapisha sisi, wakati wao ndio waliotukuta njiani.

"Mwenye mzigo anayeshuka hawezi kusimama," alisema. "Akisimama ghafla, mzigo hausimami."

Niliwatazama mpaka wakapotea kwenye kona. Nilichokiona ni kwamba hawakuwa wameegemea nyuma hata kidogo. Ndoo kichwani haikuruhusu. Mtu aliyebeba kichwani lazima shingo na mgongo vibaki wima juu ya miguu, la sivyo mzigo unadondoka. Na wima huo ndio mkao ambao mzee alikuwa ananipigia kelele tangu asubuhi. Mzigo ulikuwa mwalimu wao. Mimi niliyekuwa na begi la mgongoni linalonivuta nyuma ndiye niliyekuwa napigana na mlima.

Kwa hiyo nikaanza kuwaona wale makuhani kwa namna nyingine. Nilipokuwa nasoma kuhusu majembe yaliyoletwa Lubaga, nilikuwa nafikiria mwisho wa safari: sadaka inatolewa, maneno yanasemwa, mvua inaombwa. Sasa nilikuwa nafikiria magoti. Chuma hakina huruma. Gunia la viazi likikushinda unaweza kupunguza viazi, ukala vingine. Jembe huwezi kulila wala kulimwaga. Na sadaka huwezi kuitupa njiani ili upumzike. Aliyeshuka na jembe la Lwembe alikuwa amebeba kitu ambacho hana ruhusa ya kukidondosha, kwenye ardhi inayotaka akidondoshe.

Sayansi ya leo ina maelezo yake juu ya maumivu haya, na ni mazuri kuyajua. Unapopanda, misuli ya paja inajikunja huku inafanya kazi. Unapoteremka, misuli hiyo hiyo inafanya kazi ya breki: inajikaza huku inanyooshwa. Kazi hiyo haichoshi pumzi, ndiyo maana saa ya kwanza unajiona shujaa, lakini inachanachana nyuzi ndogo za misuli. Maumivu yake hayaji siku hiyo. Yanakuja kesho yake na yanafika kileleni siku ya pili au ya tatu. Lakini kuna habari njema: misuli iliyowahi kupitia mteremko inajijenga upya, na ukirudi ndani ya wiki chache haiumii tena kama mara ya kwanza. Mwili unajifunza. Mtu aliyezaliwa Ukinga, ambaye tangu utoto kila kisima, kila shamba na kila jirani viko kwenye mteremko, hakuwa akijiandaa kwa hija. Alikuwa ameshaandaliwa.

Na mimi je? Mimi nilizaliwa Tukuyu, mji wa vilima kila upande, lakini nimeishi miaka mingi kwenye lami, bajaji na lifti. Mapaja yangu yalikuwa yamesahau kwetu.

Tulilala njiani, tukamalizia siku ya pili. Asubuhi ukungu ulikuwa mzito na njia ilikuwa imelowa. Hapo mzee alivua yeboyebo zake, akazitundika kwenye fimbo, akaendelea peku. Vidole vyake vilikuwa vinashika udongo kama mkono unavyoshika kikombe. Soli yangu yenye meno ilikuwa imejaa tope mpaka meno hayaonekani. Kila baada ya muda alinisimamisha nipumzike, hata pale nilipojiona bado nina nguvu. "Watu huanguka karibu na nyumbani," alisema, na ni kweli: mtu huanguka mwishoni, mguu ukishachoka na akili ikishafika. Tulipoanza kuona migomba ya kwanza upande wa Mwakaleli, ndipo aliponiamuru nikae chini dakika kumi nzima.

Nilikaa, nikatazama chini kwa mara ya kwanza bila woga. Na ndipo jambo ambalo nilikuwa nalitafuta tangu Tukuyu likanijia, tena kwa urahisi tu.

Historia yetu ya kupanda ni historia ya watu waliokuwa wanakimbia kitu. Wamisionari walikimbia homa ya ziwani. Boma lilihama nayo. Hawakukosea, aliyewahi kuugua malaria Kyela anajua. Lakini anayepanda anatazama mlima, na anapofika anaona kwamba ameufikia na ni wake. Ndiyo maana vitabu vyao vimejaa vilele na mandhari. Anayeshuka hatazami mandhari. Anatazama sehemu ya kuweka mguu. Hafiki kama mshindi; anafika mapaja yanatetemeka, anahitaji pa kukaa, maji na chakula cha mwenyeji. Masimulizi ya machifu yanasema walioshuka walileta kila kitu na waliokuwa bondeni hawakuwa na kitu. Baada ya siku mbili zile siwezi tena kuyasikia hivyo. Aliyeshuka na chuma kutoka Ukinga alifika akiwa na njaa. Jembe lilimhitaji mwenye shamba kama vile mwenye shamba alivyolihitaji jembe. Bila ndizi za Selya, chuma kile kingekuwa mzigo tu.

Na wamisionari wenyewe baadaye waliifuata njia hiyo kwa kinyume. Mwaka 1895 Misheni ya Berlin ilipanda Ukinga, ikafungua kituo Bulongwa. Injili ilipanda mahali ambapo majembe yalishukia. Hakuna aliyeanzisha njia mpya. Njia ilikuwepo, imekwisha kukanyagwa na miguu ya watu ambao vitabu vinawataja kwa sentensi moja.

Nilirudi Tukuyu kwa Noah. Siku ya tatu, kama sayansi ilivyoahidi, sikuweza kushuka ngazi tatu za baraza la Mama. Nilisimama juu nimeshika nguzo kama bibi kizee, ukucha wa dole gumba umekuwa mweusi. Mama, ambaye goti lake la kushoto limekuwa bovu kwa miaka, alinitazama, akacheka mpaka akafuta machozi.

"Tanguliza mguu mbovu," alisema. "Kushuka, mguu mbovu unatangulia, mzima unabaki juu unakubeba. Kupanda, mzima unatangulia. Hukufundishwa huko?"

Nikamwambia yote mawili yananiuma, hakuna mzima. Akacheka tena. Tukakaa pale kwenye ngazi, yeye na goti lake, mimi na mapaja yangu, na nikamsimulia: fimbo, kamba za viatu, ng'ombe, wanawake wenye ndoo na jinsi mzee alivyonivuta nje ya njia.

Alinyamaza kwa muda. Halafu akasema, kama mtu anayeokota kitu alichokidondosha zamani, kwamba bibi yake alikuwa na msemo huo. Wakiwa watoto, wakisikia watu wanashuka, aliwaambia watoke njiani wasimame kwenye majani, maana hao ni Wakinga wa majembe, na wenye majembe hawasimami.

Nikamuuliza, wale waliokuwa wanauza au wale waliokuwa wanakwenda Lubaga?

"Hakusema," alijibu Mama. "Na mimi sikuuliza. Alikuwa ameshabatizwa."

Usiku ule alisali kabla ya kulala, kwa Kinyakyusa kama kawaida yake, na kama kawaida yake alimwita Mungu kwa jina ambalo nimelisikia tangu nikiwa tumboni: Kyala. Sikumwambia kitu. Anajua, au hajui, kwamba wamisionari walipotafuta neno la Kinyakyusa la kumtajia Mungu walilichukua jina hilo, na kwamba Monica Wilson aliambiwa na wazee kuwa Kyala alikuwa mmoja wa wale waliotoka Ukinga. Mlango ule ambao babu yake aliufunga haukufungwa kabisa. Kuna kitu kilipita, na yeye ndiye anayekibeba kila usiku, kwa uangalifu wote, bila kukidondosha.

Asubuhi nilimuuliza kama ninaweza kuyaandika haya. Alifikiri huku anamenya ndizi.

"Andika," akasema. "Ila uandike pia kwamba walibatizwa. Usije ukawashusha halafu ukawaacha huko huko."

Nimeandika. Walibatizwa. Halafu nikashuka ngazi za baraza, mguu wa kushoto ukitangulia.